Bora Kichwa Kifunguliwe

Jumatatu, 3 Machi

Kumbe shida si miwani! Kope la kushoto linashuka lenyewe — mteja mmoja wa kushonewa suruali kafikiri namkonyeza, akaacha hata kuomba bei ipungue — na kichwa kinagonga upande huohuo. Binti yangu kanikokota mpaka hospitali anakofanya kazi mumewe, fundi wa mashine za picha. Leo majibu. Mshipa wa damu kichwani umevimba kama puto. Ukipasuka, basi tena.

Daktari bingwa, mama mfupi mwenye sauti ya upole, kanionyesha picha. Uvimbe uko ndani kabisa, nyuma, pale mishipa inapogawanyika mbele ya shina la ubongo. Kufungua fuvu wanaweza, ila watajipenyeza katikati ya mishipa ya fahamu, ya macho na ya kumeza. Pembamba mno. Njia ya pili: mpira mwembamba unaingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu, unasukumwa taratibu mpaka kichwani, halafu lile puto linajazwa nyuzi laini za madini lisipate damu tena. Kwangu mimi anapendekeza hiyo.

Nilielewa haraka kuliko alivyotegemea. Si ni kama kupitisha lastiki kiunoni mwa sketi! Hufumui sketi nzima. Unaacha tundu dogo kwenye pindo, pini inatangulia, lastiki inafuata. Daktari kacheka, akasema atawafundisha wanafunzi wake hivyohivyo. Nimerudi kitandani nimevimba kichwa zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeuliza mpira unaingilia wapi. Kinenani! Mkononi je? Haiwezekani — mshipa wangu wa mkono ni mwembamba na umejikunjakunja. Nikauliza nguo. Nesi kasema hakuna nguo, shuka tu, na hapo pananyolewa na kupakwa dawa. Chumbani anakuwemo nani? Daktari, nesi, mtu wa dawa ya usingizi, na fundi wa mashine.

Fundi wa mashine ni mkwe wangu.

Kijana ambaye tangu aoe hajaniona bila mtandio. Tukikutana mlangoni anapisha mpaka mgongo unagusa ukuta. Nami nikisikia kikohozi chake nakaa sawa, nashusha sketi. Leo nilale mbele yake kama nilivyozaliwa? Thubutu! Kwenye kufungua kichwa yeye haingii.

Nikamwambia daktari, bora kichwa kifunguliwe. Kauliza kwa nini. Nikasema sitaki vyuma vibaki kichwani mwangu. Uongo mtupu. Kanitazama sana. Akasema kwa njia hiyo hatari ni kubwa zaidi — jicho, kumeza, kupooza, hata kutoamka. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua anachofanya.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetia saini kichwa kifunguliwe. Binti yangu anamwambia kila anayeingia wodini kwamba mama yake ni simba. Mgonjwa wa kitanda cha pili kasema angekuwa yeye angeshatoroka kupitia dirishani. Nikageukia ukutani, nikajifanya nimesinzia.

Simba gani! Naogopa kuonekana mapaja kuliko ninavyoogopa kufa. Nimeliandika tu na uso umeniwaka moto.

Ijumaa, 7 Machi

Mkwe kaja. Kasimama mlangoni, macho sakafuni, mfuko wa machungwa mkononi. Akauliza polepole: Mama, chumba chetu kina kasoro gani? Kumbe mkubwa wake kamtania mbele ya wenzake, eti hata mama mkwe haiamini kazi yake. Na nyumbani binti yangu kamnunia, anadhani yeye ndiye aliyenitisha kwa hadithi za kazini.

Nikasema hakuna kasoro, baba, ni mimi tu na mambo yangu. Kaweka mfuko chini, akaondoka kinyumenyume. Pindo la suruali yake limefumuka mguu wa kulia. Ile suruali nilimshonea mwenyewe.

Mtoto wa watu anabeba aibu yangu, na mimi nakula machungwa yake. Nimekula mawili. Sikusikia utamu.

Jumapili, 9 Machi

Ni kesho asubuhi. Mchana huu wameninyoa nusu ya kichwa. Binti yangu akaziokota nywele moja moja, akazifunga kwenye leso, huku anasema mama usijali zitaota. Nikashindwa. Nikamvuta sikio karibu nikamwambia yote. Mumeo. Shuka. Kinena.

Kwanza kacheka — kicheko chake kile cha kukoroma, nesi akageuka. Kisha kikakatika. Akasema: Kwa hiyo nikuzike, mama, wewe na heshima zako zote? Akatoka mbio, leso ya nywele mkononi.

Sasa mkwe yuko nyuma ya pazia la kitanda changu. Kasema ameambiwa. Kasema daktari yuko tayari kurudi kwenye njia ya mpira, nikitaka. Yeye angejitoa chumbani, lakini mwenzake yuko likizo mpaka wiki ijayo, hakuna mwingine wa kuendesha ile mashine, na daktari anasema puto hili si la kusubiri wiki. Akasema: Mama, mimi nikiwa mle huangalia skrini tu. Naona mishipa basi. Kumbe naye anaona haya!

Nikamwambia subiri kidogo, baba. Nimeshika kalamu ili mikono iwe na kazi. Chini ya pazia naviona viatu vyake. Pindo bado limefumuka, uzi unaburuzika sakafuni. Mtandio wangu umeanguka miguuni mwa kitanda. Nimeunyooshea mkono, kisha nimeuacha hapohapo.

Nimesema: Iwe njia ya mpira. Ingia, mwanangu. Sindano ninayo kwenye mkoba, nikushonee hilo pindo.

Viatu havijasogea.