Kilomita Tano za Babu

Bibi kizee wangu,
Chai iko kwenye chupa. Mizigo ya safari ya maombi msiipakie kwanza.
Nimekwenda zahanati. Zile kilomita tano za kila alfajiri, nilizowatambia wajukuu likizo nzima, sikuwahi kuzikimbia; nilikuwa nakaa kwa fundi viatu tukipiga soga. Leo nikaona haya kwenda kusali na uongo mdomoni, nikakimbia kweli. Kona ya pili tu, kifua kikabana, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Fundi ananisubiri nje na pikipiki.
~~Ni gesi tu, msihangaike.~~ Naogopa, na safari hii sitii chumvi.
Nilisimama mlangoni nikakutazama umelala, nikashindwa kukuamsha. Ukisoma hii, njoo.

Babu yao