Kwa Baba Yetu Bonaventure, Aliyemfuata Ndege Majanini

Mwaka umezunguka, Baba, tangu Jumamosi ile ya Oktoba 2010 ulipotoka nyumbani kwetu Upplands Väsby na filimbi shingoni, ukasema utarudi na fasani wawili wa mchuzi. Jioni tulikukuta hospitalini umefunikwa hadi juu, na nesi akamshauri mama asifunue shuka. Mama aliifunua.

Wasiokujua wasome wakujue. Wewe ni Bonaventure, mtu wa Ngozi, uliyepitia kambi za wakimbizi za Kigoma kabla ya kufika Sweden. Kwa miaka tisa ulifundisha mbwa kwenye shamba la uwindaji kaskazini mwa Stockholm. Huko fasani, ndege jamii ya kuku wenye mikia mirefu, huachiwa majanini, kisha wageni huja na bunduki za marisau, risasi ndogo ndogo zinazotawanyika. Kazi ya mbwa ni kunusa, na akimpata ndege husimama kama aliyepigiliwa msumari, mguu mmoja juu, mpaka mwenyewe atoe amri. Mbwa wako Sindano aliweza kusimama hivyo mpaka chai yako ipoe. Tulikwambia unampenda kuliko sisi, nawe ukajibu kwamba yeye walau husikia akiambiwa mara moja.

Ulitunyonyolea fasani bafuni, manyoya yakaziba bomba, mama akagomba. Mezani, aliyekuta risasi kwenye nyama yake alisamehewa kuosha vyombo. Mwanao Roméo alikuwa akificha zake mfukoni za kutumia wiki ijayo, na ulijua.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya damu. Ndege aliyejeruhiwa hulia na kujipigapiga chini kwa bawa moja, na ni wewe uliyemmaliza, kwa kumvunja shingo mara moja tu. Sheria ya pale ni kwamba hakuna anayesogea mbele mpaka bunduki zote zifunguliwe katikati na matundu yaonekane matupu. Wewe hukuweza kusubiri, na mama alijua kwa nini. Mwaka 1993, kwenye mauaji ya kule kwenu Ngozi, mdogo wako Obedi alikatwa mapanga kwenye shamba la mtama, akalia siku mbili. Ulikuwa umejificha hatua thelathini kutoka kwake, na waliomkata walikuwa bado wanazunguka. Waliondoka aliponyamaza.

"Watakupiga siku moja, Baba Natacha," mama alikuwa akikuonya.

"Ndege akilia, miguu yangu hainiulizi," ulimjibu, ukaendelea kula.

Siku ile mgeni wako alikuwa Göran, mzee wa Sundbyberg uliyemzoea miaka mingi. Alimpiga jogoo wa fasani, jogoo akaanguka nusu mzima, akapiga kelele. Ukainama ukaingia majanini. Ndege wa pili akaruka chini chini, na Göran akamfuata kwa mtutu. Mwindaji hafyatui mpaka aone anga chini ya ndege, na Göran alilijua hilo, akafyatua. Wewe ukainuka na jogoo mkononi. Marisau yalikuchukua usoni na shingoni kutoka hatua kumi na tano. Wenzenu walikuwa nyuma ya miti. Walipofika walikukuta chini, Göran amepiga magoti akiziba shingo yako kwa kofia yake, na Sindano bado amesimama mguu juu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aushushe.

Mama alikutana na Göran kwenye korido ya hospitali. Mkononi alikuwa na mfuko wenye buti zako za mpira. Alitoa moja akampiga nayo usoni, akarudia, akarudia tena, mpaka pua ya mzee ikachuruzika damu hadi kwenye ukosi. Mzee hakuinua mkono. "Mamma, sluta," Roméo alimsihi aache. Hakuacha mpaka mlinzi alipomkamata.

Göran aliwaambia polisi kwamba uliingia mbele kabla ya bunduki kufunguliwa. Polisi wakaja nyumbani kumuuliza mama kama ulikuwa na mazoea hayo.

"Mume wangu hakuvunja sheria ile hata siku moja," alisema bila kupepesa macho.

Sisi wanao tulikuwepo. Tulijua, tukatazama sakafu. Hivyo mzee akawa muuaji na mwongo pia, na kesi ikapangwa Novemba hii. Tukiri mbele yako, Baba: tulifurahi. Tulitaka aozee gerezani. Mama alikuwa akisikia jina lake anavunja kikombe, na siku moja alimpiga Sindano teke lililomtupa mlangoni. Sindano akarudi akalala miguuni pake.

Mwezi wa nane mama alikuwa anatoka stesheni na Sindano. Gari likamgonga shakwe, likamwacha katikati ya barabara akilia na kujipigapiga kwa bawa moja. Sindano akasimama, mguu juu. Mama akaachia kamba, akaachia na mfuko wa viazi, akaingia barabarani bila kutazama kushoto wala kulia. Akamvunja shingo. Gari jingine likafunga breki, likampiga paja akaanguka, na dereva, binti mdogo, akashuka akitukana na kulia kwa pamoja.

"Angeniua," mama alituambia jioni, barafu ikiwa pajani, "na asingekuwa muuaji."

Asubuhi alichechemea peke yake mpaka polisi, akaeleza yote: miguu yako, Obedi, na uongo wake mwenyewe.

Shangazi Leokadia, dada yako, alikuja kutoka Jakobsberg siku hiyo hiyo, hata koti hakuvua.

"Wifi, umemuuza kaka yangu kwa aliyemuua?"

"Sikumuuza. Alikufa akifanya alichoshindwa kumfanyia Obedi. Ulitaka niseme alikufa amesimama tu?"

Shangazi alikaa chini, akalia na koti lake mwilini. Hakuwa amewahi kuambiwa kwamba ulimsikia Obedi siku zile mbili.

Göran atasimama mahakamani kwa risasi ile ya chini, na anastahili. Hatujamsamehe, tusidanganyane. Roméo hataki hata kumsikia. Lakini mwongo hakuwa, na neno hilo tumemwondolea.

Misa ya kukuombea ni Jumamosi hii saa tano asubuhi. Baadaye chakula ni nyumbani, fasani wa mchuzi. Atakayekuta risasi haoshi vyombo.

Wanaokukumbuka: dada yako Leokadia, aliyetaka jina lake liwe la kwanza ili likae mbali na la mwisho, wanao Natacha na Roméo, Sindano, anayelalia koti lako, mkeo Dativa, na Göran, aliyekushika shingo mpaka ulipokata roho. Jina hili la mwisho ameliandika mama kwa mkono wake, na hakuna aliyethubutu kulifuta.

Kila ndege atakapolia, Baba, tutakukumbuka.