Kigoda Nilichokitoa Nje

Mdogo wangu mpendwa,

Jina lako siliandiki. Hilo nimejifunza, ingawa nimechelewa.

Barua mbili nilizokutumia Kirando zimerudi, kwa hiyo hii naiandika bila kujua itakukuta wapi. Shajara yangu ya Jumanne ile yote haya yalipoanza ina mstari mmoja: "Maombi ya utafiti wa lishe ya watoto. Maswali tu. Nimeyapitisha." Ndio uliokuwa utaratibu wetu wilayani. Utafiti wa sindano au dawa ulisubiri wajumbe wote wa kamati wakae. Wa maswali matupu, usio na hatari, ulisomwa na mtu mmoja ili usicheleweshwe. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilimaliza kuusoma kabla chai yangu haijapoa.

Wiki iliyofuata nilimleta mtafiti kijijini kwenu, kila mtu na baiskeli yake, vumbi hadi kwenye nyusi. Ulicheka. "Kaka, nyie wa ofisini mmemaliza kuhesabu magunia ya mahindi, sasa mmeanza na matumbo yetu?" Nikakuambia ujibu kweli tupu, karatasi haiandikwi jina.

Mumeo alikuwa shamba la kijiji. Ulitukaribisha ndani, nami nikakataa kwa adabu tuliyolelewa nayo: mwanamume mgeni haingii nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Nikakitoa kigoda nje kwa mikono yangu. Nyumba za kijiji kipya zilipangwa mstari, mlango kwa mlango, na mama mkwe wako alikuwa akipepeta ulezi hatua chache tu kutoka pale.

"Umezaa watoto wangapi, mama?" mtafiti akauliza.

Ulinitazama kwanza. Sikuelewa kwamba ulikuwa ukiniomba nikuokoe.

"Wanne."

Ungo ukanyamaza. "Wanne? Hapa tunalisha watatu. Huyo mwingine mlimzika wapi, sisi tukiwa wapi?"

Siri hiyo tuliijua watu watatu tu: wewe, marehemu mama na mimi. Kule Chala, kabla hujaolewa, nilimbeba mwanao ndani ya kanga yako kwenda kumzika. Alikuwa ameishi siku tisa. Alikuwa mwepesi kuliko madaftari yangu ya shule.

Mumeo alikurudisha kwetu Jumapili, watoto wakabaki kwake. Hukunigombeza. Uliuliza tu, "Kaka, si ulisema haina hatari?" Siku ya tatu ukateremka ziwani, Kirando, na hujarudi.

Sijui kulia kama wengine. Kila jioni nafungua shajara, naandika tarehe, kisha nakaa.

Juzi yalikuja maombi mengine ya maswali matupu. Nikaandika pembeni: "Wataulizwa wapi, na nani atakuwa anasikia?" Mkuu wangu akasema, "Ndugu, unatuchelewesha." Nikamjibu ndiyo, nachelewesha.

Kabla mtafiti wetu hajaondoka, niliiona karatasi yako. Haina jina, kama nilivyokuahidi. Waliozaliwa: wanne. Walio hai: watatu. Ni mahali pekee ambapo yule wa kwanza amewahi kuhesabiwa, na wewe ndiye uliyelipia.

Ukirudi, usisimame uani. Pita hadi chumba cha ndani. Nitafunga mlango, na sitakuuliza kitu.

Nakusubiri,
Kaka yako