Joto Lile Lile, Nyumba Baridi

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Chuo kimenikubali! Shahada ya uzamili ya fizikia, Dar, miaka miwili. Jibu wanalitaka Ijumaa. Meseji nimeisomea chooni, maana humu ndani hata kijiko kikianguka mama mkwe anatoka kuangalia. Magese, mume wangu, hajui. Tangu baba yake azikwe nyumba nzima kimya, kila mtu anaogopa kuwa wa kwanza kuongea. Na mimi nimeshakuwa hivyo hivyo.

Jumatano, 11 Septemba

Leo nimefundisha Kidato cha Sita entropi, kipimo cha vurugu ndani ya kitu. Jenipha akabisha: Madam, joto tuliloingiza ni lile lile, kwa nini kitu cha baridi kivurugike kuliko cha moto? Nikasema tunagawanya kwa jotoridi — likiwa dogo, jibu linakuwa kubwa. Akasema bado hajaelewa.

Basi nikamwuliza: mbuzi akikatiza mnadani, nani atageuka? Hakuna, kule vurugu zipo tayari. Na akiingia sebuleni kwenu? Darasa zima kicheko. Vikombe, vitambaa, bibi na fimbo yake. Wameelewa.

Mimi nikabaki nawaza nyumba zangu mbili. Kwetu Lamadi, watoto, wageni, samaki uani — ningesema naenda Dar, mtu angeniambia nisogeze ndoo. Hapa neno moja tu linavuruga nyumba nzima. Naichukia nyumba hii. Magese nampenda. Yote mawili kweli.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimesema. Chakula cha jioni, nikamwambia mama mkwe kwa sauti ya kawaida kabisa: Mayu, nimepata nafasi ya kusoma Dar, kesho natakiwa kujibu.

Hakufoka. Alifunika ugali, akaenda uani kumpigia Maige, baba mdogo wa Magese. Aje asubuhi kutoka Shishiyu, na wazee, wazungumzie kurudishiwa ng'ombe wa mahari, yaani ndoa ivunjwe. Kwa Kisukuma, taratibu, kana kwamba mimi sikijui. Ng'ombe — kwa sababu ya shule! Magese katoka nje bila kunawa. Wifi yangu Minza analia jikoni, sijui hata analilia nini.

Nimejifungia chumbani. Fomu ya chuo iko wazi kwenye simu, imebaki kubonyeza nakubali.

Magese anagonga. Fungua, anasema, mwambie mama ulikuwa unatania, yaishe. Hajakasirika, ananibembeleza, ndicho kinachoniumiza. Na mama mkwe yupo naye mlangoni, namsikia anavyohema.

Nimewajibu nakuja. Sijanyanyuka.