Bomba la Gesi Lililoielemea Hita

Jumatano. Ukungu mzito toka alfajiri, majengo ya ng'ambo ya barabara yamemezwa yote, nami nimeamka na kikoi mabegani.

Leo nimeiokoa Dubai. Sisemi kwa majivuno, nasema kwa sababu hakuna mwingine atakayesema.

Tupo kwenye gereji ya kupaka magari rangi. Arbab, yaani bosi wetu, kanunua hita ya gesi, kubwa kama kabati, inaning'inia darini kwa minyororo. Hita, Dubai hii! Nikadhani katapeliwa. Kumbe asubuhi za ukungu kama hizi rangi haikauki vizuri, gari linatoka na madoa kama chui. Hilo nimelijua kwa kuuliza. Shule niliiacha darasa la sita, maswali sikuyaacha.

Fundi ni Otieno, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja mtaa wa Al Muraqqabat. Mimi kwenye karatasi ni msaidizi wake, lakini karatasi ni karatasi tu. Otieno yuko kwenye majaribio ya kazi. Arbab alishamwambia: kesho mkaguzi wa gesi akiikataa kazi hii, khalas, anakatiwa tiketi ya kurudi Kisumu.

Asubuhi tulikuwa tunalishikiza ukutani bomba la kupeleka gesi kwenye hita, kila hatua klampu ya kulibana. Jambo likanikera kichwani. Gesi haina uzito. Ijaze kwenye gunia, utabeba gunia tupu. Bomba lenyewe chuma. Sasa klampu zote hizi za nini, lisitoroke?

"Zinabeba bomba, Mjomba, pamoja na maswali yako," akasema Otieno. "Nipe spana."

Nikamweleza kwamba kule Korogwe niliwahi kufunga bomba la maji la mji mzima kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikombe cha chai.

"Na chai haikumwagika?"

"Hata tone."

"Wacha! Na bado hawajakupa uwaziri wa maji?"

Mchana tukajaza hewa kwenye bomba ili kulipima. Otieno akapaka povu la sabuni kwenye maungio yote. Hakuna palipovuja. Mshale wa geji ya presha umetulia tuli. Akaenda kumwita arbab.

Nikabaki mimi na hita.

Nikapanda ngazi, nikaishika. Ikayumba. Tsss! Ungio la mwisho, pale bomba linapoingia kwenye hita, likaanza kutoa mapovu kama mdomo wa mtoto mchanga, na kule chini mshale ukaanza kushuka.

Hapo ndipo nilipolijibu swali langu mwenyewe. Toka kona ya mwisho hadi kwenye hita hatukuweka klampu hata moja. Bomba lilikuwa limeielemea hita, na hita inabembea. Anayebembea atambebaje mwenziwe? Ingewashwa, ikatetemeka siku mbili tatu, ingevuja gesi, si hewa.

Nikapiga ukelele. Otieno akaja mbio, akatazama, uso ukambadilika.

"Mjomba," akasema taratibu, "kesho ningeenda home."

Tukalifunga bomba kwenye boriti kwa klampu karibu kabisa na mwisho, kisha tukaunga kipande cha mpira wa gesi unaopinda, hita ibembee peke yake. Tukajaza hewa upya. Nikaitikisa hita kwa nguvu zangu zote. Mshale haukusogea.

Arbab akauliza nani kagundua. "Ni huyu mzee," Otieno akajibu. "Alipanda kuhakikisha." Arbab akanipa mkono mbele ya watu.

Jioni hii Otieno kapika ugali, kanipa kichwa cha samaki, na bado ananiuliza nilijuaje kwamba hita inafaa kutikiswa. Nimemwambia ni jicho la fundi wa zamani.

Mkaguzi na aje. Bomba halinipi wasiwasi.

Ila hapa, kwa kuwa Otieno hasomi blogu, niseme. Sikupanda kuhakikisha kitu. Nilipanda kujipiga picha nimtumie mama mkwe, aone mkwewe ni injinia Uarabuni. Na hita niliishikilia ili nipate nguvu ya kuvuta tumbo ndani.

Picha ninayo. Tumbo limetokea vilevile.