Karai la Mama

Jumamosi, 7 Juni 2025
Mungu alipoumba vidole, alianza na vyangu. Kilo arobaini na mbili za majani chai kabla ya saa sita! Boito nzima nani ananifikia? Hata zile mashine za kuchumia za estate zingeniita mwalimu.
Ndiyo, leo ni Sabato. Sikusahau. Lori la majani liliharibika jana, likaja leo. Na jirani yetu Mama Rodah mkono uko kwa plasta, chai yake inakomaa. Nani angemchumia — malaika? Niliomba huko huko kwa laini ya michai, kikapu mgongoni. Mungu hakulalamika. Aliyelalamika ni Ogoti, mzee wa kanisa, akipita na suti.
"Mochama! Sabato hii?"
"Mzee, na ng'ombe wako leo amejikamua?"
Akaenda bila kwaheri. Haiya!

Jumanne, 10 Juni
Barua imekuja: naitwa mbele ya baraza la kanisa kwa ile Sabato. Mimi, niliyeishia form two! Mama amefurahi? Wapi. Yeye ni shemasi, ndiye huongoza akina mama wakioshana miguu kabla ya Meza ya Bwana. Amenipigia shati pasi, akasema tu: "Baba, ongea kidogo."

Jumapili, 15 Juni
Nimewanyoosha! Nikawauliza: Yesu aliponya watu Sabato, nyinyi mngemwandikia barua? Mzee Mokaya wa baraza alikohoa kuficha kicheko. Ogoti akauliza ni nani aliniruhusu. Nikasema mimi siombi ruhusa — hata Mama aliamka mapema akanipikia uji, akanifungia kikapu!
Hapo hakuna aliyekohoa.

Ijumaa, 20 Juni
Wamemtoa Mama ushemasi, eti alinisaidia kuvunja Sabato. Nyumbani amesonga ugali, akaniwekea, akaenda kulala.

Jumamosi, 28 Juni
Niko nje ya kanisa, naandikia kwa goti. Leo ni Meza ya Bwana. Asubuhi Nyabate, shemasi mpya, alikuja kuazima karai letu la bluu. Mama alilisugua na majivu kwanza, likang'aa, ndipo akampa.
Sasa wanaoshana. Mama yuko benchi la nyuma, viatu miguuni. Hakuna aliyemwinamia. Nikachota maji, nikaingia upande wa akina mama na jagi langu, acha wanifukuze! Mama akavuta miguu chini ya benchi.
"Mochama, usiniongezee."
Nikatoka. Jagi liko hapa kando yangu.
Kuchuma sijutii. Mungu sijamkosea, na Ogoti simwombi msamaha hata leo. Lakini Mama aliniambia niongee kidogo. Na mimi nilitaka wacheke tena.