Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Brodie mpenzi,

Sasa hivi mwanetu Tansy amelaza sikio kwenye tairi la kushoto la gari letu, akaigiza, “Ko, ko!” Ni ule mlio ulioniambia niufunike kwa redio.

Hapa Walgett joto ni nyuzi arobaini na mbili. Kesho nampeleka Tansy kwa daktari mjini Dubbo, na tangu juzi kiyoyozi cha gari kinapuliza hewa ya moto. Wiki jana homa ilimpanda, akashikwa na degedege mikononi mwangu. Sikukuambia, nisikutoe kwenye kazi ya kukata manyoya ya kondoo.

Jirani yetu Mama Noreen amefungua feni ya kiyoyozi, akatoa kiota cha panya kikubwa kama kofia yako. “Mumeo anabeba ngano ya kuku humu, halafu analaumu gesi!” Sasa baridi inatoka.

Umebaki mlio. Mama Noreen yuko chini ya gari. Ikiwa ni bolijointi, kile kiungo kinachoshika gurudumu, basi gurudumu linaweza kung'oka njiani, hatuendi. Ikiwa ni bushi, ule mpira mdogo wa kwenye maungio, tutaomba Mungu tupate nyingine. Gari la marehemu mumewe ni sawa na letu, lakini unajua halijaguswa na mtu tangu azikwe.

Anaita. “We Tahnee, ni bushi! Chukua spana, kaifungue kwenye gari la mzee wangu!”

Brodie, kesho tutaenda! Ngoja nikachukue spana.